Neno Namba 1,214

Dakika tisa. Katika muda ambao mama lishe hukaanga chapati tatu, watu arobaini walikuwa wanajifunza neno la Kiingereza mbele ya macho ya Kalunde Kasanda, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Walikuwa wamejilaza kwenye viti virefu, macho yamefumbwa, kila mmoja amevaa kofia nyembamba ya rangi ya fedha iliyomganda kichwani kama ganda la kitunguu. Kofia hiyo iliitwa kipandaneno, na jiji zima la Tabora lilikuwa linakula kwa sababu yake. Watu walikaa Tabora wakaendesha roboti zilizokuwa kazini katika miji ya mbali ya kaskazini: roboti za kuzoa theluji, za kuuguza wazee, za kupokea wageni hotelini. Waajiri wa huko hawakumtaka mwenye Kiingereza cha kitabuni. Walimtaka anayeongea kama mzaliwa wa huko, anayejua neno linasemwa lini, kwa nani, na kwa sauti gani. Ndipo Kituo cha Upandaji Lugha kilipoleta kofia zake.

Kipandaneno hakikuhangaika na tafsiri. Mafundi walikuwa wamerekodi bongo za watu elfu arobaini katika jiji moja la ng'ambo, kila mmoja akilitumia neno lile lile katika siku zake za kawaida. Wakachukua wastani wa yote: maana, matumizi, na ule uzito ambao moyo hulipa neno linapotamkwa. Wastani huo ndio uliomiminwa kichwani mwa mwanafunzi. Akivua kofia, analitumia neno kana kwamba alilinyonya kwa mama yake. Kituo kilikuwa kimekwisha kupanda nomino elfu tatu za kawaida, kiti, mvua, jirani, kifungua kinywa, na asubuhi hiyo darasa lilikuwa kwenye namba 1,214. Neno lenyewe lilikuwa cousin.

Kalunde alilijua neno hilo. Alifundishwa kwa chaki na daftari, darasa la tano, mwalimu akawaandikisha mara ishirini: mtoto wa ndugu ya baba yako au wa ndugu ya mama yako. Hata kazini kwake, kwenye karakana ya mabehewa yanayoelea juu ya sumaku, alilitumia mara nyingi. Mgeni akitaka kujua Mrisho ni nani yake, alijibu "cousin" ili mgeni aelewe, kisha akarudi nyumbani kumpikia kaka yake. Neno lilimkaa mdomoni, likaishia hapo. Kofia ndiyo haikumkubali. Miaka kumi iliyopita mkono wa roboti ya reli ulimpiga kichwani akawekewa bamba la chuma kwenye fuvu, na kipandaneno hakioni kitu mbele ya chuma. Kwa miaka yote hiyo watu walimpa pole kwa kukosa kofia. Siku hiyo, amesimama nje ya kioo, meno yameumana mpaka taya zinauma, alimshukuru Mungu kwa lile bamba.

Maana Mrisho alikuwa anakufa, na ndugu hawaji.

Ukoo wao ulikuwa wa akina baba watatu waliojenga uga mmoja pale mtaani Isevya. Mzee Kasanda, baba yake Kalunde, ndiye mkubwa. Baba yake Mrisho alifuata, na wa mwisho alikuwa baba yake Nyamizi. Watoto walikuwa kumi na wawili, na ukiingia uga ule usingejua nani katoka tumbo gani. Walikula sinia moja, walichapwa fimbo moja, walilala mkeka mmoja. Neno binamu walilisikia, ndiyo, likitumika kwa watoto wa shangazi waliokuja likizo. Lakini mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo aliitwa kaka au dada, kwisha maneno. Aliyethubutu kusema "huyu si wa tumbo letu" alilambwa kofi na mkubwa yeyote aliyekuwa karibu.

Mrisho alikuwa mchomeleaji kwenye ngazi ya anga, ile kamba nene ipandishayo mizigo hadi nje ya hewa. Dhoruba ya jua ilimkuta juu kabisa, kwenye kituo cha kumi, miale ikamwunguza uboho ndani ya mifupa. Tangu hapo mwili wake haukuweza kujitengenezea damu. Tiba ilikuwepo, nayo iliitwa mbegu-damu: ndugu ambaye damu yake inaoana na ya mgonjwa huja kila asubuhi kwa siku tisa mfululizo, anatolewa chembe hai, anapandikiziwa mgonjwa zikiwa bado za moto. Kompyuta ya hospitali kuu ilichambua kumbukumbu za damu za ukoo mzima kwa nukta moja. Katika wote, aliyeoana na Mrisho alikuwa mmoja tu, Nyamizi. Hospitali ikamwandikia siku hiyo hiyo. Kalunde naye akawaandikia wote, akawaambia kaka yenu yuko taabani, njooni.

Kati ya wale kumi na wawili, kumi walikuwa wamevaa kofia. Kalunde hakuvaa, na Mrisho alikataa kuvaa kwa kiburi chake. Wote kumi walijibu, wengine ndani ya saa moja. Majibu yalifanana kama yameandikwa na kalamu moja: "Pole sana kwa cousin wetu. Tunamwazia." Hakuna aliyekanyaga hospitali. Nyamizi naye, mwenye damu inayotakiwa, aliandika hivyo hivyo, kisha akanyamaza siku kumi na tisa. Na Nyamizi huyo ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Kituo, yeye ndiye aliyebuni kipandaneno.

Kengele laini ililia. Watu arobaini wakafumbua macho, wakavua kofia, wakaanza kucheka na kupongezana. Mlango wa pembeni ukafunguka na Nyamizi akatoka, mwembamba, koti jeupe, uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Karibu, Bi. Kalunde," alisema.

Kalunde alihisi kama amepigwa kibao. Bi. Kalunde! Huyu aliyesukwa nywele na mikono hii kila Jumamosi, aliyefundishwa kwenda haja na mikono hii!

"Tangu lini mimi ni Bi. Kalunde kwako?"

"Nimekosea? Samahani. Nilitaka kuwa na heshima."

"Ulipata barua ya hospitali?"

"Nilipata. Nilituma pole."

"Pole! Mtu anaoza kitandani, wewe unatuma pole. Ungemtumia na kadi ya sikukuu basi."

Nyamizi alimwongoza ofisini kwake, akamvutia kiti. Kalunde alikataa kukaa. "Nilidhani wangeanza na familia yake," Nyamizi alisema taratibu. "Mtu hukimbiliwa kwanza na watu wake wa karibu."

"Watu wake wa karibu ni akina nani?"

"Mke, watoto, wazazi, ndugu zake."

"Mke alikwisha ondoka, watoto hakujaliwa. Wazazi wake tulizika, na wewe ulikuwepo, ulilia mpaka ukazimia tukakumwagia maji. Haya, umebakiza ndugu zake. Wako wapi ndugu zake, Nyamizi?"

Nyamizi aliinamisha macho. Haikuwa aibu. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyeulizwa swali ambalo halimo kwenye kitabu. "Nakumbuka ule msiba," alisema. "Nakumbuka kila kitu. Nilipovunjika mguu, Mrisho alinibeba mgongoni miezi miwili, shule kwenda na kurudi. Alikuwa na shati la bluu lenye kiraka begani, nilikuwa nakilaza kidevu pale. Lakini ni kama nasoma faili la mtu mwingine. Ukiniuliza yeye ni nani kwangu, naona mtu mwema. Mtu wa kuonana naye kwenye harusi na mazishi."

"Mazishi yapo njiani, usijali."

Nyamizi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Kalunde wazimu zaidi. Angetukanwa angejua pa kuanzia. Utamfanya nini mtu anayekutazama kwa upole kama mpokea wageni?

"Ulimfanya nini Nyamizi wetu?" Kalunde aliuliza. "Kofia yako ilimfanya nini mdogo wangu?"

Ndipo Nyamizi alipowasha ubao wa mwanga juu ya meza na kumweleza, kwa sauti ile ile ya darasani. Kipandaneno, alisema, hutafuta kwenye ubongo mahali palipo karibu zaidi na maana mpya, kinapanda hapo. Pakiwa patupu, neno linaota bila shida. Kichwa cha mtu wa Tabora kilikuwa na nafasi tele kwa neno la theluji. Lakini kwa namba 1,214 mahali palikuwa na mwenyewe. Pale ambapo wale watu elfu arobaini wa ng'ambo waliweka jamaa wa mbali kidogo, watu wa hapa waliweka kaka na dada. Kofia ikamsogeza aliyekuwepo ili mgeni akae.

"Ikamsogeza wapi?"

"Hatujui. Kwenye vipimo tunaiandika kama msogeo mdogo. Na si kosa la lile neno, wala la wenye lugha yao. Wao wakilitumia wana watu wengine wa kuwaita ndugu. Sisi tulilipanda bila kuuliza limekalia nini."

"Na mlijua?"

Nyamizi alitafuta faili la zamani, akalifungua. Kabla ya kofia kuruhusiwa ilijaribiwa kwa watu mia mbili wa Tabora, na kabla ya kuvishwa waliulizwa maswali. Mtoto wa kaka wa baba yako ni nani kwako? Wote mia mbili walijibu kitu kimoja: kaka yangu, dada yangu. Mashine ikaweka alama nyekundu mia mbili. Jibu si sahihi. Walipovishwa kofia mara ya kwanza, nusu bado walijibu hivyo hivyo, basi mafundi wakaongeza nguvu, wakaongeza tena, mpaka alama zote zikageuka kijani.

Kalunde aliitazama ile safu ya alama nyekundu. Alihisi damu inampanda mpaka bamba la fuvuni likapata joto, au alidhani limepata. "Watu mia mbili," alisema. "Watu wazima mia mbili, wenye akili zao, wamejibu jambo moja. Hamkujiuliza kwamba aliyekosea huenda ni muuliza swali?"

"Lilikuwa ndilo swali lililokosewa kuliko yote. Tulihitaji asilimia ili tupate kibali."

"Nani aliyeamua kwamba ni kosa?"

"Mimi." Nyamizi aliuzima ubao. "Mwanzoni niliandika kwamba tulichunguze. Barua yangu imo humo humo kwenye faili. Lakini sheria ya Kituo inataka mbuni awe wa kwanza kuvaa. Nikavaa. Nilipoisoma tena ile barua, sikuelewa nilikuwa na wasiwasi wa nini."

Kwa mara ya kwanza Kalunde alitafuta kiti akakaa. Hasira haikupungua, ila ilikosa mahali pa kutua. Alikuja kumsagia meno mwizi, akamkuta aliyeibiwa.

"Linaweza kung'olewa?"

"Linang'oka. Ila kilichokuwa chini yake hakirudi. Panabaki patupu."

"Basi sikiliza," Kalunde alisema, akasimama tena. "Sikuja hapa unipende, wala umpende. Wazee walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe, na hawakusema mpaka moyo wake ukubali. Nenda ukang'oe huo uchafu wako. Kesho saa moja asubuhi nakutaka hospitalini. Uje bila kuhisi chochote, uje kama gunia la mkaa, mimi sijali. Damu yako haijavaa kofia."

Nyamizi alihesabu kwa vidole. "Siku tisa," alisema. "Nitaangalia ratiba."

Alikuja. Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu alifika saa moja kamili, akakunja mkono wa blauzi, akalala kwenye mashine nusu saa, akafunga kifungo, akaondoka. Aliaga kwa kuinamisha kichwa kama mtu anayetoka benki. Mrisho, ngozi yake imekuwa ya majivu, midomo imepasuka, alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

"Amekonda," alisema siku ya tatu. "Hali huyu. Mwambie ale."

"Wewe nyamaza, unahangaika na unene wa watu!" Kalunde alimfokea, kisha akageukia ukutani.

Siku ya nne saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Saa tatu ukaingia ujumbe: kulikuwa na kikao cha dharura Kituoni, wakubwa wametoka mbali, samahani sana, kesho bila kukosa. Jioni homa ikampanda Mrisho. Chembe zilizokwisha pandwa zilianza kufa kwa kukosa wenzake. Akaweweseka siku mbili ambazo hakuweza kupandikiziwa kitu, na alipotulia, jicho lake la kushoto lilikuwa halioni tena. Daktari Kokushubila, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alimwita Kalunde pembeni.

"Tumebahatika kuokoa mbegu chache. Tunaanza kuhesabu upya kuanzia siku ya nne. Akikosa tena siku moja, sitakuwa na cha kufanya. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Kalunde hakumwambia. Kesho yake, jua halijachomoza, alikuwa mlangoni kwa Nyamizi anagonga kwa ngumi, roboti ya ulinzi ikimwomba kwa adabu apunguze kelele naye akiitukana yenyewe na walioiunda. Nyamizi akatoka na kanga, macho mazito.

"Vaa," Kalunde alisema. "Umempofua kaka yako jicho moja. Vaa twende."

"Nilituma ujumbe. Kikao kile..."

"Kikao! Fundi mchomeleaji mwenye jicho moja, unajua maana yake? Amekwisha, hatopanda tena ile ngazi. Hilo ndilo jicho lililokuwa linatazama njia ulipokuwa mgongoni kwake. Vaa, Nyamizi, kabla sijakuburuta na hiyo kanga yako mtaa mzima ukuone!"

Tangu siku hiyo Kalunde alimfuata kila alfajiri. Njiani hawakusemezana, au waligombana. Tena hakumruhusu kuondoka baada ya mashine. "Hapa hakuna mgeni," alimwambia. "Mgeni ni yule anayetuma pole." Akampa beseni na kitambaa: mnawishe uso. Akampa bakuli: mlishe uji. Nyamizi alifanya kila alichoambiwa kwa mikono ya mtu anayefuata maelekezo ya dawa. Uji ulikuwa wa moto mno, ukamwunguza mgonjwa mdomo. Kesho yake alikuja na kipimajoto, akapima uji kabla ya kulisha, na Mrisho akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu bado mhandisi," alisema. "Pima na chumvi basi."

Siku ya sita ya hesabu mpya Nyamizi alikaa kitandani akiwa na sega mkononi. Kalunde alikuwa ameamuru nywele za mgonjwa zichanwe, zile chache zilizobaki. Zilikuwa zinatoka kwa mafungu kila sega lilipopita. Nyamizi akaacha kuchana.

"Kaka," alisema, na neno likatoka kama la mtu anayesoma kibao cha dukani. "Nataka nikuambie ukweli. Nimeling'oa lile neno, lakini hapakuota kitu. Naja kwa sababu dada Kalunde ananileta. Sihisi chochote."

Kalunde alitaka kumrukia. Kumwambia mgonjwa maneno kama hayo, mtu anayehesabu pumzi! Mrisho alimzuia kwa kidole.

"Ulipovunjika mguu," alimwambia Nyamizi, "unadhani nilikuwa nahisi nini? Ulikuwa mzito, unakojoa ovyo, na wenzangu walikuwa wanacheza mpira. Nilikuwa nakuchukia kila asubuhi. Nilikubeba kwa sababu baba mkubwa alisema beba." Akavuta pumzi. "Endelea kuchana, unanikwaruza ukisimama."

Nyamizi aliendelea kuchana. Zile nywele zilizotoka hakuzitupa kwenye pipa. Alizikusanya kwenye karatasi, akaikunja, akabaki ameishika, kana kwamba hajui karatasi ile huwekwa wapi.

Siku ya tisa Daktari Kokushubila alikuja na matokeo mkononi na, kwa mara ya kwanza, alitabasamu. Damu ilikuwa imeanza kujizaa yenyewe. Mrisho angeishi. Jicho lisingerudi, na nguvu zingechukua mwaka, lakini angeishi. Akamgeukia Nyamizi. "Kazi yako imekwisha, mama. Asante sana. Huna haja ya kuja tena."

Nyamizi akashukuru, akavaa koti lake, akaaga. Kalunde alimtazama akipotea mwisho wa ukumbi. Alijua amekwenda. Alfajiri iliyofuata hakwenda kumgongea, kwani angemwambia nini? Damu ilikuwa imepatikana, na hiyo ndiyo aliyoifuata. Lakini uji aliumimina kwenye bakuli kwa hasira mpaka mwingine ukamwagika. Aliwakasirikia wale wakubwa waliotoka mbali, ile safu ya alama nyekundu, na nafsi yake iliyokuwa imeanza kutegemea jambo.

Saa moja na nusu Nyamizi alikuwa mlangoni. Hakuwa na koti jeupe. Alisimama pale kizingitini, mikono haina kitu, kama mtu aliyepanda treni akasahau anashukia wapi.

"Amelala," Kalunde alisema.

"Naona."

"Umesahau kitu?"

"Hapana. Niliamka tu, nikavaa." Akatazama bakuli. "Umeupima huo uji?"

Kabla Kalunde hajajibu, tarishi aliingia, ile roboti fupi ya magurudumu inayosambaza salamu wodini. Alibeba shada la maua meupe yaliyotengenezwa kiwandani, yasiyonyauka. Akasimama mbele ya kitanda, taa yake ya kifuani ikawaka, akasoma kwa sauti tamu: "Salamu kutoka kwa Sada, Jumanne, Maganga, Tausi na wengine watano. Tumefurahi kusikia umepata nafuu. Pole sana, cousin. Tunakuwazia." Taa ikapepesa. "Je, kuna jibu?"

Kalunde alikuwa amekwisha zoea. Alinyoosha mkono ili amzime. Lakini Nyamizi alikuwa ametangulia. Alilinyakua lile shada, akalitazama, na uso wake uliokuwa umetulia wiki zote hizo ukaanza kukunjamana, kwanza mdomo, halafu kidevu, halafu wote.

"Jibu lipo," alisema. "Rekodi."

"Narekodi."

"Mnamwazia! Mnamwazia mkiwa wapi? Jumanne, kutoka kwako mpaka hapa ni hatua mia tatu, nimezipita sasa hivi, nimeona dirisha lako liko wazi, umekaa unakunywa chai! Sada, nani alikufundisha kuendesha baiskeli? Nani alipigwa na baba mkubwa kwa sababu yako, ulipovunja ule mtungi ukasema ni yeye? Kaka yenu amepoteza jicho! Amelala hapa siku zote hizi nywele zinamtoka, nimezishika mimi kwa mikono yangu, na nyie mnamtumia maua ya plastiki! Washenzi wakubwa! Hamna haya!" Akalitikisa lile shada, akaanza tena kwa nguvu zaidi, na watu wa kitanda cha jirani wakaketi wasikie vizuri. "Najua mnachosema mioyoni mwenu. Mnasema huyu mwendawazimu anataka nini, kwani Mrisho ni nani yetu. Mimi ndiye niliyewapanda hivyo. Mimi! Namba 1,214 nimeifunga jana jioni na ufunguo ninao, na wenye Kituo wakitaka kunifunga waje wanifunge. Lakini nyie sitawasubiri muote upya. Mnakuja leo. Mnakuja na maji ya kuoga na uji, na mtamwosha mmoja mmoja mkitaka msitake, na asiyekuja nitamfuata mlangoni kwake kabla ya jua, nitagonga mpaka mtaa mzima utoke!"

Akalitupa shada ukutani. Maua hayakuvunjika, yalidunda tu na kuanguka chini ya kitanda, na hilo likamzidishia hasira. Akainama ayafuate, akiyatukana, machozi yanamchuruzika mpaka shingoni, wala haelekei kujua kwamba analia.

"Ujumbe umetumwa," alisema tarishi, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

Kalunde alibaki ameshika bakuli. Wiki nzima alikuwa na maneno makali ya kumwambia mwanamke huyu, bado mengi, mengine alikuwa hajayatoa kabisa. Alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi pembeni yake.

"Kaa hapa," alisema. "Na upunguze sauti, unamwamsha kaka yako."